Sina Interest ya Kuomba Msamaha

Mdogo wangu alinitumia barua ya kuomba kazi kwa WhatsApp, saa tano usiku, na ujumbe mmoja: "Bro, nipitishie macho, deadline ni kesho." Barua ilikuwa safi. RE: iko juu kwa herufi kubwa, mstari umepigwa chini yake, sanduku la posta ambalo sote tunajua hakuna mtu hulifungua tena, vyeti vimepangwa kimoja baada ya kingine. Halafu kwenye aya ya pili nikakuta: "I have great interest to work in your organization." Nikafuta "to work", nikaandika "in working", nikamrudishia.

Akauliza, "Kwa nini?"

Nikamwambia "interest" hufuatwa na "in".

"Lakini hapo juu nimeandika 'desire to work' na hujaigusa."

"Hiyo iko sawa."

"Desire na interest si ni kitu karibu kimoja? Kwa nini huyu apewe 'to' na huyu apewe 'in'?"

Nimesomea Kiingereza chuo kikuu miaka minne. Nimelipwa kusahihisha Kiingereza cha watu. Nikakaa na simu mkononi, yeye ameshaziona tiki zangu mbili za bluu, na jibu pekee nililopata ni: "Ndivyo ilivyo."

Hilo ni jibu la soja wa geti. Umuulize mbona gari lile limepita na wewe umezuiwa, atakwambia ndivyo ilivyo, ni maagizo. Na soja hajakosea. Si yeye aliyetunga maagizo. Yeye amepewa tu kofia na rungu.

Mimi nimewahi kuvaa hiyo kofia. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kijana wa kandarasi kwenye ofisi moja hapa Nairobi. Kulikuwa na nafasi ya karani wa stoo: kupokea katoni, kuhesabu katoni, kuandika ngapi zimetoka na ngapi zimebaki. Barua za maombi zilikuwa mamia, na mkubwa wangu alitaka thelathini tu kabla ya lunch. Nikamuuliza nianzie wapi. Akasema, "Anza na Kiingereza. Kitakusaidia kupunguza."

Nikachukua kalamu nyekundu. Barua moja ilikuwa imeandikwa kwa mkono, kwenye foolscap, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa na mwalimu mkali. Ilisema: "I have interest to work with you and I am requesting for a chance of proving myself." Nikachora miduara mitatu kwenye sentensi moja. Barua ikaenda kwenye rundo la pili. Jioni nikifunga sanduku ndipo nilipoona aya yake ya mwisho: alikuwa ameshika vitabu vya duka la mamake miaka sita na hesabu haikuwahi kukosana. Mtu aliyeomba kazi ya kuhesabu alikuwa ametuambia kwamba anajua kuhesabu, na sisi hatukufika hapo kwa sababu alisema "to" badala ya "in". Thelathini wangu walikuwa tayari wameshapelekwa juu. Sikuirudisha ile barua.

Basi nasema hivi, na anayetaka kunitusi kwa Kiingereza safi anitusi: hizi "to", "of", "in" na "for" zinazofuata nomino za Kiingereza si kipimo cha akili, si kipimo cha bidii, na mara nyingi si kipimo hata cha Kiingereza. Ni mazoea. Na sisi tumeyageuza mazoea ya watu wengine kuwa kizuizi cha barabarani, tukajipanga wenyewe kukilinda.

Hebu tuangalie hayo mazoea. Kwa Kiingereza una "right to vote", haki ya kupiga kura. Una "habit of reading", tabia ya kusoma. Una "difficulty in breathing", ugumu wa kupumua. Una "reason for leaving", sababu ya kuondoka. Ukijaribu kitu ni "attempt to" ukifuatisha kitenzi, lakini "attempt at" ukifuatisha nomino. Ukiwa na "ambition", ni "to travel". Ukiwa na "dream", ni "of travelling". Ndoto na matarajio ya safari ileile, tiketi ileile, lakini kila moja ina mlango wake. "Intention" nayo ina milango miwili, "to pay" na "of paying", na mtu aliyezaliwa nayo hukuchagulia mmoja kwa kusikiliza tu sikio lake. Umuulize kwa nini, atakujibu kama mimi nilivyomjibu mdogo wangu.

Sasa angalia tena tafsiri nilizoandika hapo juu. Haki ya kupiga kura. Tabia ya kusoma. Ugumu wa kupumua. Sababu ya kuondoka. Ndoto ya kusafiri. Nia ya kulipa. Kiswahili kimetumia kiungo kimoja tu, ile "-a" unganifu tuliyoimbishwa shuleni, kikaivalisha ngeli ya nomino iliyotangulia, kikaweka "ku-", kazi ikaisha. Jamani, hilo ndilo tatizo ambalo Kiingereza kimelitatua kwa kumwaga vihusishi mezani na kukuambia ukariri.

Sisemi Kiswahili ni rahisi. Muulize yeyote aliyepoteza alama kwenye ngeli. Nasema uzito wetu tumeuweka kwingine. Sisi tunataka ujue nomino ni ya ngeli gani; wao wanataka ujue nomino inatembea na kihusishi gani. Kwetu "kusoma" pia ni nomino kamili, ina ngeli yake ya KU: kusoma kwangu, kuimba kwake kunanifurahisha. Kiingereza kimegawanya hiyo kazi mara mbili, "to read" huku na "reading" kule, kisha kikaamua kwamba baadhi ya nomino zioane na hii na nyingine na ile. Mtu mwenye "ku-" moja kichwani anapofika hapo, si mjinga akichagua mlango usio wake. Amekuta milango miwili inayoelekea chumba kimoja.

Na hiyo "to" yenyewe ina historia inayochekesha. Kwenye Kiingereza cha kale ilikuwa kihusishi cha kawaida, chenye maana ya "kuelekea", na kitenzi kilichoifuata kilinyambuliwa kama nomino. Baadaye ikachoka, ikawa alama tu inayotangulia kitenzi. Lakini ile kazi ya zamani haikuacha. Ndiyo maana "decision to serve" ina "to" ya kitenzi, na "look forward to hearing" ina "to" ya kihusishi. Zinaandikwa sawa, zinatamkwa sawa. Kila mwaka maelfu ya Wakenya humaliza barua zao na "I look forward to hear from you", na mahali fulani kuna mtu ana kalamu nyekundu anacheka. Anacheka nini? Anacheka kwamba mtu hakutambua "to" mbili ambazo hata Kiingereza hakikujali kuzitofautisha.

Mtu atasema hili lote ni shida ya lugha ya mama: Mkenya anafikiri kwa Kikamba, Kiluo au Kiswahili, halafu anamwagia Kiingereza juu. Hiyo kauli huwa tamu kwa sababu inamfanya anayeisema aonekane ameshavuka mto. Lakini ipime kwa kosa letu maarufu kuliko yote, "I am requesting for leave". Kwa Kiswahili husemi "naomba kwa likizo". Unasema "naomba likizo", kitenzi na kitu chake, hakuna kihusishi katikati. Kama tungekuwa tunatafsiri Kiswahili neno kwa neno, tungesema "I request leave" na mwalimu angetupigia makofi. Hiyo "for" haikutoka kwetu. Imetoka ndani ya Kiingereza chenyewe, kwenye nomino: "a request for leave". Vilevile "discuss about" imefuata "a discussion about". "Emphasize on" imefuata "emphasis on". "Demand for", ikitumiwa kama kitenzi, imefuata "a demand for". Mkenya ameona nomino ina kihusishi chake, akamwazima ndugu yake kitenzi. Ndiyo maana utasikia "discuss about" na "request for" hadi Nigeria na India, kwa watu ambao hawana neno moja la Kiswahili. Ni watu wa lugha tofauti kabisa waliofika kwenye hitimisho moja, kwa sababu wote waliisoma lugha ya Kiingereza na kuichukulia kana kwamba ina mpango.

Yaani kosa letu ni kuiamini lugha hiyo kupita kiasi.

Na hapa ndipo ninapokasirika. Kuongeza au kuondoa kihusishi si dhambi ikifanywa na wenyewe. Mmarekani husema "protest the decision", anaitupa "against" ambayo Mwingereza huipenda. Mmarekani husema "write me", Mwingereza "write to me". Mmoja yuko "on the weekend", mwingine yuko "at the weekend", na wote wawili Jumatatu wanarudi kazini bila mtu kuchora duara. Kuhusu "different", kuna wanaosema "from", kuna "to", kuna "than", na vitabu vya sarufi vinaeleza kwa upole kwamba ni tofauti za kieneo. Za kwao ni tofauti za kieneo. Zetu ni "broken English".

Tofauti iko wapi? Si kwenye sarufi. Noah Webster alitoa kamusi yake kubwa ya Kiingereza cha Marekani mwaka 1828, miaka 52 baada ya nchi yake kutangaza uhuru, kwa sababu aliamini taifa linaloomba ruhusa ya kuandika bado halijawa huru. Sisi tulipata uhuru 1963. Ile miaka 52 yetu ilitimia 2015 na ikapita kimya, tukiendelea kujaza vihusishi kwenye nafasi zilizoachwa wazi na kusubiri kuambiwa na mtu wa mbali kama tumepata.

Darasani tulifundishwa ule mjadala mkubwa wa Achebe na Ngũgĩ. Achebe alisema Kiingereza kinaweza kubeba mambo yetu, mradi kikubali kubadilishwa. Ngũgĩ akasema tuandike kwa lugha zetu, na kwenye "Decolonising the Mind", mwaka 1986, akaeleza jinsi watoto walivyoaibishwa shuleni kwa kuongea Kigĩkũyũ. Wengi wetu tulivaa ile disk hata baadaye, kwenye shule ambazo tayari zilikuwa na bendera ya Kenya. Lakini mjadala huo siku zote umekuwa wa waandishi wa riwaya. Mwandishi akipindisha kihusishi kwenye riwaya, anaitwa mbunifu. Yule wa foolscap akipindisha kilekile kwenye barua ya kuomba kazi ya stoo, anaitwa hajasoma. Kiingereza kilichobadilishwa kimeruhusiwa kwa mtu ambaye tayari amefanikiwa. Asiye na kitu anatakiwa kukileta kikiwa na karatasi yake ya plastiki bado.

Na huku nje, kwenye maisha, mambo yameshaamuliwa zamani. Panda matatu yoyote usikilize. "Sina mood ya kupika." "Niko na plan ya kuhama." "Nilipata chance ya kusoma." "Hana experience ya kuendesha." "Sina time ya kubishana na wewe." Kila moja ina nomino ya Kiingereza, na hakuna mtu anayekosea kihusishi, kwa sababu nomino ikishaingia kwetu inapewa "ya" na "ku-" kama mgeni anavyopewa kiti na chai. Mood, plan, chance, experience: kwao kila moja ilikuwa na masharti yake, "for", "to", "of", "in". Kwetu zimekaa kwenye ngeli moja na zinakula sahani moja. Hatukukaa kamati. Hakuna mtu aliyetufundisha. Mtoto wa darasa la pili huko Dandora hawezi kukosea "sina mood ya kuoga". Mtu akikwambia kizazi hiki hakina sarufi, mpeleke stage.

Sasa acha nimsikilize mpinzani wangu, kwa sababu ana hoja moja ya kweli. Kuna mahali kihusishi hubadilisha maana. "Chance to win" ni fursa ya kushinda. "Chance of winning" ni uwezekano wa kushinda. Ukiwa "responsible to" mtu, unawajibika kwake. Ukiwa "responsible for" mtu, yeye yuko mikononi mwako. Kwenye mkataba, kwenye maelezo ya dawa, kwenye hukumu ya korti, tofauti kama hizo zinaweza kuumiza mtu. Zifundishwe, na zifundishwe vizuri, kwa kueleza maana na si kwa kukaririsha. Hata sisi tuna tofauti hiyohiyo, tumeiweka tu kwenye nomino: nafasi, fursa, uwezekano. Lakini niambie ukweli: umewahi kusoma "interest to work" ukashindwa kuelewa mtu anataka nini? Umewahi kuona "requesting for leave" ukampa mtu kitu kingine badala ya likizo? Yule wa foolscap aliandika "a chance of proving myself", na ndiyo, wenyewe wangesema "to prove". Mimi nilielewa mara moja alichotaka. Ndiyo maana niliweza kumnyima.

Kuna jambo lingine linaloonyesha unafiki wetu. Mzungu akishuka JKIA aseme "mimi nataka chakula mzuri", tunampigia makofi. Dereva wa teksi anageuka na tabasamu: "Wow, unajua Kiswahili!" Ameua ngeli mbele yetu, na tunafurahi kwa sababu amejaribu. Sina shida na hayo makofi. Mtu anayejaribu lugha ya wenzake anastahili makofi. Swali langu ni moja: mbona Mkenya anayejaribu lugha yake ya tatu hapati hata nusu ya huo upole, tena kutoka kwa Mkenya mwenzake?

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Rasmi, zote mbili. Lakini ni nani kati yetu amewahi kuandika barua ya kazi yenye "KUH:" juu badala ya "RE:", akaipeleka kwenye kampuni ya Nairobi akitarajia kuitwa? Tuliandika hizo barua kwenye mitihani ya Kiswahili, tukapewa alama, tukazifungia huko. Kwa hiyo mtu hana njia ya kuzunguka geti. Amelazimishwa kupita pale pale, halafu anachekwa kwa namna alivyopita.

Ninachodai si kikubwa. Wewe unayechuja maombi, soma barua hadi mwisho kabla ya kushika kalamu. Kama kazi ni ya kuhesabu, mpe mtu kitu ahesabu. Kama kazi ni ya kuhariri Kiingereza, sawa, mpime Kiingereza, hiyo ni haki yako. Wewe mwalimu, ukisahihisha "interest to", mwambie mtoto ukweli: hivi ndivyo wenyewe wamezoea, jifunze kama unavyojifunza namba ya matatu, na usidhani haujui kufikiri. Na sisi wa X, ambao tunapiga screenshot ya tangazo la mama wa kibanda ili tucheke vihusishi vyake, tujiulize tunamchekea nani. Huyo mama ameuza. Tangazo lilifanya kazi.

Mimi mwenyewe sijatoka safi. Ile usiku, mdogo wangu aliuliza mwishowe, "Sasa niandike gani?" Ningeweza kuwa shujaa nikamwambia aache "interest to work" isimame, iwe mapinduzi. Lakini mapinduzi hayo yangelipiwa na kodi yake ya nyumba, si yangu. Nikamwambia aandike "in working". Nikamwambia pia kwamba sentensi yake ya kwanza haikuwa ya kijinga, nikamweleza kuhusu "ku-" na milango miwili, na kuhusu barua moja ya foolscap ambayo niliiweka kwenye rundo baya.

Alikaa kimya muda kidogo. Kisha akaandika, "Huyo dada alipata kazi kwingine?"

Sijui. Sikuwahi kumpigia, na namba yake ilikuwa pale pale, chini ya jina lake.